Mito Kumi na Mmoja ya Donat Kapya

Wasikilizaji wapendwa wa Cité Albert, wa Kenia, wa Katuba na wa Ruashi, nanyi mlioko mbali kwenye kambi za migodi na kando ya reli, karibuni. Leo sina muziki wa kuanzia. Nimemwomba fundi wa mitambo auache. Leo tuna kilio.

Baba Donat Kapya amefariki. Amefariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake Cité Albert, kwa ugonjwa wa kifua. Alhamisi tulimzika. Narudia kwa ajili ya yule aliyefungua redio sasa hivi: Baba Donat Kapya, aliyekuwa mshika mnyororo wa wapima ardhi, kisha mtunza bustani, hatunaye tena.

Nasikia mmoja wenu anauliza: mtunza bustani? Na redio imlilie? Ndiyo, bwana, mtunza bustani. Makarani wakifa husemewa na makarani wenzao, tena kwa Kifaransa. Huyu nitamsemea mimi. Mtu huyu alikuwa na mito kumi na mmoja kichwani, na alisalitiwa kwa mito hiyohiyo. Sogezeni viti.

Kwenye karatasi ya ubatizo ameandikwa kuzaliwa mwaka 1906. Ameandikwa, nasema, maana padri alikisia kwa kumtazama meno. Alizaliwa katika kijiji cha Nakasenga, kusini mwa mji huu, na kijiji kilichukua jina la kijito chake. Mto wetu wa Lubumbashi mnaujua. Unaingia Kafubu, na Kafubu inaingia Luapula. Hiyo ni jiografia ya shule, na watoto wenu wanaiimba. Lakini pale Nakasenga kulikuwa na vijito ambavyo mwalimu hakuvijua. Vilikuwa kumi na kimoja, na wenyewe waliviita mito, nami nitaviita mito vilevile.

Kila mtu kijijini alijua mto uliopita mlangoni mwake. Mwanamke alijua pa kuteka maji na pa kuloweka mihogo. Basi. Aliyejua yote kumi na mmoja, kwa mfuatano, kutoka chemchemi ya kwanza hadi Kafubu, alikuwa mtu mmoja tu, mzee Mulenga, mjomba wake Donat, ndugu wa mama yake.

Kwa watu wa kwao, mtoto ni wa mjomba. Urithi hauendi kwa mwana, unakwenda kwa mpwa wa kiume, mtoto wa dada. Kwa hiyo kila kiangazi mzee Mulenga alimchukua Donat, wakatembea siku nne. Kwenye kila mto kijana aliingiza mkono majini, akasema jina, akasema na upande: mkono wa kuume au mkono wa kushoto. Akikosea, walirudi mpaka wa kwanza. Wakati mwingine walirudi jua likiwa utosini, na mzee hakujali.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu ya kesi. Vijiji viwili vikigombania ardhi, hawakupigana. Kila upande ulitoa msemaji mmoja. Aliingiza mkono katika bakuli la maji yaliyotekwa pale penye ugomvi, akaitaja mito yote bila kusimama. Aliyekwama alishindwa, akaenda zake. Aliyemaliza alikuwa mwenye ardhi. Hapakuwa na karatasi, wala wakili. Na mito yote, kwa mfuatano, hakufundishwa mtu yeyote ila mrithi. Mgeni akiwa na kiu unampa jina la mto mmoja, anywe, aendelee na safari.

Mwaka 1924 Donat alikuja mjini kutafuta kazi. Alipata ya kushika mnyororo wa kupimia ardhi. Mpima ardhi Mzungu alikuwa mbele na chombo chake cha miguu mitatu, Donat nyuma akivuta mnyororo vichakani, miba ikimla miguu. Aliipenda kazi ile. Alimwambia mkewe, Mama Victorine, kwamba Wazungu nao wanatembea ardhi kama mjomba wake, ila wao hawaingizi mkono majini.

Hapo ndipo alipokutana na Lucien. Lucien alikuwa karani wa yule mpima ardhi. Baba yake alikuja na reli kutoka kaskazini ya Katanga, na Lucien alisomeshwa na mapadri hadi akaandika herufi nzuri kuliko za Wazungu wenyewe. Walipanga kiwanja kimoja, nyumba mbili zikitazamana. Walikula bukari katika sahani moja. Munkoyo walinywa kwa kikombe kimoja. Edith, binti wa Donat, alipozaliwa, ni Lucien aliyembeba kwenye ubatizo. Alikuwa parrain wake, baba wa ubatizo. Msisahau hilo.

Sasa, Donat alikuwa na shida moja iliyomla moyo. Mzee Mulenga alikufa mwaka 1928. Mito ikabaki kwa Donat peke yake. Naye hakuwa na mpwa. Dada yake wa pekee, Constance, alizaa mabinti watupu. Kila Constance alipokuwa mjamzito, Donat alikwenda kanisani kuwasha mshumaa. Kila mara alizaliwa msichana. Mama Constance mwenyewe, ambaye kaka humwita yaya, aliniambia, akicheka na kulia pamoja: "Yaya yangu alikuwa anatazama tumbo yangu sawa mutu anangojea treni."

Lucien aliijua shida hiyo. Jumapili moja ya mwaka 1929 wamekaa kivulini, Lucien akasema, "Ndugu, unipe mimi ile mito. Nitaandika yote mu kitabu. Mujomba wako alikufa, ndiyo? Karatasi haikufake."

Mama Victorine alikuwa pale akichagua mboga. Anakumbuka Donat alivyojibu: "Kama ninakupatia, we si rafiki tena. Uko mwipwa wangu. Uko wa nyumba. Unasikia?"

"Ninasikia," akasema Lucien.

Alisikia, naam. Kusikia si kuelewa. Kwa Donat, mtu aliyepewa mito amezaliwa mara ya pili, ndani ya ukoo, na hawezi kamwe kusimama upande mwingine. Ni kama kumpa mtu damu yako. Kwa Lucien, ilikuwa majina ya mito. Kitu cha kujaza ramani.

Walitembea siku nne. Donat alimfundisha kama alivyofundishwa: mkono majini, jina, upande. Lucien alilowanisha mkono, akaufuta kwenye suruali, akaandika. Siku ya nne, pale Kafubu, alirudia yote kumi na mmoja bila kukwama. Donat alilia kwa furaha. Alirudi mjini mwepesi, akamwambia mkewe kwamba sasa hata akigongwa na treni kesho, hakuna kitakachopotea.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Lakini nani hukagua nguo yake akiwa na furaha?

Miaka mibaya ikaja. Mnakumbuka 1931, 1932, kazi zilivyofungwa na watu kurudishwa vijijini. Mpima ardhi alirudi Ulaya. Donat alikosa kazi. Lucien hakukosa. Alichukuliwa na kampuni moja ya mashamba, iliyotaka kufuga ng'ombe na kulima mahindi. Jina la kampuni silitaji. Mkubwa wangu hapa redioni ana watoto wa kulisha, nami pia ninao.

Mwaka 1934 kampuni hiyo iliiomba ardhi ya Nakasenga. Ilisema ni ardhi tupu, haina mwenyewe. Watu wa Nakasenga walicheka. Haina mwenyewe? Wakamwita Donat. Na bwana mkubwa wa teritware, Mzungu wa serikali, ambaye alipenda karatasi zake ziwe safi, alisema mambo yafuate desturi. Waitwe waamuzi watatu wazee, wakae, wasikilize mito. Kijiji kilishangilia. Kwa mito, nani angewashinda? Msemaji wao alikuwa Donat Kapya.

Asubuhi ya kesi, Mama Constance aliteka maji ya Nakasenga, akayabeba kichwani mpaka barazani. Donat alivaa shati jeupe alilokopa. Aliingiza mkono katika bakuli. Akataja mito. Kumi na mmoja, kwa upande wake kila mmoja, bila kupumua sana. Alipomaliza wanawake walipiga vigelegele, na mwamuzi mmoja aliyekuwa akisinzia akaamka.

Bwana mkubwa akauliza kama upande wa kampuni una msemaji.

Lucien akasimama.

Donat alidhani amekuja kumsaidia. Wasikilizaji, nawaambia alivyowaambia watu wake mwenyewe: alifurahi. Aliona mpwa wake anasimama. Lucien alitembea mpaka kwenye bakuli, akakunja mkono wa koti, akaingiza mkono majini. Hakuwa na kitabu. Akataja mito. Kumi na mmoja. Mkono wa kuume, mkono wa kushoto, sauti ileile ya Donat, hata pale Donat anapovuta pumzi naye akavuta. Kisha akasema kwamba anasema kwa niaba ya kampuni.

Hakuna aliyepiga kigelegele.

Waamuzi walitazamana. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea. Watu wawili, ardhi moja, hakuna aliyekwama. Walinong'ona. Kisha mkubwa wao akamgeukia Donat: "Huyu mutu, ni nani alimufundisha?"

Swali hilo, wapendwa, ndilo lililobeba kijiji kizima. Kama Donat angesema, "Sijui, mimi sikumfundisha," basi Lucien angekuwa mwizi wa mito, na mwizi hana kesi. Nakasenga ingebaki ya wenyewe. Neno moja tu. Na kila mtu pale alijua ni neno gani. Constance alikuwa anatikisa kichwa, taratibu, kumwonyesha kaka yake: kataa.

Lakini mkono wa Donat ulirudishwa ndani ya maji. Ndivyo ilivyotakiwa, kujibu mkono ukiwa majini. Alimtazama Lucien. Alimngoja. Alingoja Lucien aseme mwenyewe: niliandika tu, mimi si wa nyumba. Lucien alitazama viatu vyake. Vilikuwa vipya.

Donat akasema, "Mi njo nilimufundisha."

Msema kweli mpenzi wa Mungu. Haya, ni mpenzi wa Mungu. Lakini siku ile watu mia mbili walikuwa wanamngoja adanganye mara moja tu.

Mkubwa wa waamuzi akasema, "Basi beko nyumba moja. Nyumba moja haishitakianake. Muende, mupatane kwenu." Wakaifuta kesi, wakasimama, wakakung'uta nguo. Walihukumu sawasawa. Hiyo ndiyo sheria yetu, walihukumu kwa sheria yetu wenyewe. Na bwana mkubwa akaandika kwenye karatasi yake safi kwamba hakuna anayepinga. Baada ya miezi mitatu kijiji kiliambiwa kihame. Walipewa mahali pengine penye mchanga, maji mbali, mwendo wa saa moja.

Mama Constance ananiambia: "Ile mayi nilileta na kichwa, nilimwanga chini. Nikarudia kwetu ku mugini. Miaka tisa sikumuita yaya." Miaka tisa. Kwa watu wa Nakasenga, msaliti hakuwa Lucien. Lucien alikuwa mgeni, na mgeni ni mgeni. Msaliti alikuwa Donat, aliyempa mgeni mito, na alipopata nafasi ya kuirudisha, akakataa kusema uongo.

Nimelifikiri jambo hili juma zima. Sijui ningefanya nini. Namwonea uchungu, na wakati huohuo nataka kumtikisa mabega.

Lucien alihama kile kiwanja kabla ya mwisho wa mwezi. Alijengewa nyumba ya matofali. Mwaka 1936 alikuja mara moja kwa baiskeli, akasimama nje ya ua, hakuingia. Edith alikuwa mtoto, lakini anakumbuka.

"Donat, sikudanganya mutu," alisema yule parrain wake. "Nilisema kweli tupu. We pia ulisema kweli."

"Njo ile," baba yake akajibu, akiwa ameshika jembe. "Kama ulidanganya, ningekusamehe."

Tangu hapo Donat Kapya alikuwa mtunza bustani katika nyumba ya Wazungu huko Bel-Air. Alimwagilia waridi miaka ishirini. Na katika miaka hiyo yote hakutaja jina la mto. Hata mmoja. Mama Victorine anasema: "Ata kama mvua ilijaza Lubumbashi mpaka ku daraja, bwana yangu alisema tu: mayi imepanda." Watoto wakija na somo la jiografia, alitoka nje. Alipatana na dada yake mwaka 1943, mume wa Constance alipokufa na Donat akaja kuchimba kaburi bila kuitwa. Walikula pamoja tena. Lakini mito hawakuitaja.

Mwezi uliopita, alipozidiwa, Edith alimwomba. Alimwambia, "Papa, hatuna mwipwa, ni sawa. Unipe mimi. Mi ni mutoto mwanamuke, lakini niko na kichwa." Baba akageuka ukutani. Edith alimwomba tena kesho yake. Mara hiyo alijibu. Alisema, "Niliisha kuipatia mutu. Muulizeni mwenye iko nayo."

Hayo yalikuwa karibu maneno yake ya mwisho.

Alhamisi nilikuwa kaburini. Kuna desturi moja ya mwisho ambayo nilikuwa siijui: mwenye mito akizikwa, kabla ya udongo kutupwa, mrithi huitaja yote kumi na mmoja, ili marehemu ajue njia ya kurudi kwao. Padri alimaliza sala. Watu wakabaki wamesimama. Nani angetaja? Wazee wa Nakasenga waliokuja walikuwa wanne, na kila mmoja alitazama chini.

Ndipo mtu akasogea kutoka nyuma. Koti jeusi, kofia mkononi, mvi kichwani. Lucien. Minong'ono ikaanza, na kijana mmoja akamshika mkono amtoe. Mama Constance akasema kwa nguvu, "Mumuache. Aseme. Korti ilisema eko wa nyumba. Aseme yote, kisha aende."

Hapakuwa na bakuli. Edith, mtoto wake wa ubatizo, alimwagia maji ya chupa kwenye kiganja.

Lucien akaanza. Kafita, mkono wa kuume. Chondo, mkono wa kushoto. Nakasenga. Alikwenda vizuri. Mto wa nne, wa tano, wa sita. Mto wa saba. Kisha akanyamaza. Akarudia wa saba. Akafumba macho. Mtu huyu, wasikilizaji, aliyetaja yote mbele ya bwana mkubwa bila kitabu! Aliihifadhi kwa siku moja tu, siku ya kuiuza. Baada ya hapo ilimfaa nini?

Mama Constance akamsaidia. Akasema, "Mulobe. Mukono wa kushoto. Njo fasi tulikuwa tunalobeka mihogo." Lucien akasema, "Mulobe." Akasubiri. Hakuna kitu. Akainama akatazama sanduku la Donat, mdomo wazi, kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu amnong'oneze.

Mito nane. Mitatu imebaki. Hakuna mtu pale aliyeijua.

Lucien alilia kwa sauti. Mama Constance hakulia. Alisema, "Imeisha. Mutupe udongo." Wakatupa udongo.

Mtaniambia: ramani ya yule mpima ardhi ipo. Ijumaa nilikwenda mwenyewe kuitazama. Mito yote imechorwa, kumi na mmoja, mistari ya buluu, kazi nzuri. Mchoraji aliona majina yatabana nafasi. Ameweka namba, moja mpaka kumi na moja. Kitabu cha Lucien kilikwenda Ulaya na mpima ardhi, katika sanduku lake.

Kwa Mama Victorine, pole. Kwa Edith, uliyekuwa na kichwa cha kuibeba na hukupewa, pole sana. Kwa Mama Constance na kwa watu wote wa Nakasenga, popote mlipotawanyika, poleni kwa msiba huu, poleni na kwa ule wa mwaka 1934, ambao hakuna redio iliyowapa pole. Kwa Bwana Lucien nimetafuta neno la pole tangu Alhamisi, sijalipata.

Nanyi mnaonisikiliza, kabla ya kulala muulizeni mkubwa wa nyumba yenu jina la maji mliyokunywa utotoni, na nani mwingine analijua. Akiwa ni yeye peke yake, msingoje apate mpwa.

Na kama kuna mmoja wenu, mzee wa kambi, bibi wa sokoni, yeyote, aliyewahi kuteka maji chini ya Mulobe kabla ya kufika Kafubu, aende Katuba, aulize nyumba ya Mama Constance, dada wa Kapya. Asilete mchango, wala maua. Aseme jina, na upande. Mama huyo amekaa mlangoni tangu Ijumaa. Anangoja mito mitatu.